Mitishamba Ikishapita Kooni: Vidokezo vya Kuifikisha Kwenye Damu

Ukitaka kuanzisha mjadala ndani ya daladala, taja manjano. Kabla ya kituo kinachofuata utakuwa umeshaambiwa inatibu magoti, vidonda vya tumbo, chunusi, na hata uvivu wa vijana wa siku hizi. Mmoja atasema ichanganywe na asali, mwingine atasema asali inaiharibu. Swali ambalo hutalisikia ni hili: ukishaimeza, kiasi gani kinafika kwenye damu?

Jibu lake linaudhi. Viambato vingi vya mimea hufika kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Kwanza lazima vitoke ndani ya jani au mzizi, viyeyuke kwenye majimaji ya tumbo, vipenye ukuta wa utumbo mwembamba, kisha vipitie kwenye ini kabla ya kusambazwa mwilini. Na ini ni kama forodha ya bandarini: kila mzigo unaotoka tumboni unafunguliwa hapo, unakaguliwa, na mwingine hautoki tena. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa jagi zima la dawa na mwili ukaambulia matone.

Wengi wakiona dawa haifanyi kazi huongeza kipimo. Mimi nasema kipimo usikiguse kwanza. Angalia ulivyoipika, ulivyoichanganya, na saa uliyoinywa. Mti gani unatibu nini ni mazungumzo yako na mtaalamu wa tiba asili pamoja na daktari wako. Hapa tunashughulika na safari ya kutoka kikombeni hadi kwenye mshipa.

1. Manjano ipewe pilipili manga

Kiambato kinachosifiwa ndani ya manjano kinaitwa kurkumini, nacho ni haba: katika unga wa kawaida ni asilimia 2 hadi 5 hivi. Kijiko cha chai hubeba gramu 3 za unga, kwa hiyo ulichopata ni kurkumini ya miligramu 100 tu, pungufu au zaidi kidogo. Halafu ukuta wa utumbo na ini huidaka, huibandika asidi itokanayo na sukari ili iyeyuke kwenye maji, na mwili unaitoa nje haraka.

Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu wenye afya njema gramu 2 za kurkumini tupu. Kwenye damu ama haikuonekana kabisa, ama ilionekana kwa shida. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, yaani ile inayofanya pilipili manga iwashe, kiasi kilichofyonzwa kilipanda mara 20. Piperini huvizuia vimeng'enya vinavyobandika ile asidi, basi kurkumini inapata muda wa kupita. Na miligramu 20 si nyingi. Pilipili manga iliyosagwa, pungufu ya robo kijiko cha chai, inakutosha.

Ila usishangilie mapema. Kidogo ukikizidisha mara 20 kinaweza kubaki kidogo vilevile, na zile gramu 2 za kurkumini tupu ni sawa na unga wa manjano zaidi ya gramu 60. Hakuna mchuzi utakaobeba manjano yote hiyo ukalika. Kwa matumizi ya nyumbani, manjano na pilipili manga vikienda pamoja kila siku kwenye chakula, umefanya la maana. Mchuzi wa samaki wa pwani unavikutanisha hivyo viwili, pamoja na tui, tangu enzi za mabibi zetu.

2. Kinachopenda mafuta kipewe mafuta

Koroga manjano kwenye glasi ya maji, uiache mezani. Baada ya dakika chache unga utakuwa umetuama chini. Sasa tia unga uleule kwenye samli ya moto au tui zito, ukoroge: mafuta yenyewe yanageuka rangi ya dhahabu, kwa sababu kurkumini imehama kutoka kwenye unga ikaingia kwenye mafuta. Tumboni mambo huenda vivyo hivyo. Mafuta yakifika utumbo mwembamba, nyongo humiminwa, inayavunja kuwa matone madogo yasiyoonekana kwa macho, na viambato visivyopenda maji hujificha ndani ya matone hayo hadi vikavuka ukuta wa utumbo.

Hali ni hiyo hiyo kwa karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ambayo mchicha, majani ya maboga na mlonge vinayo kwa wingi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, waliwalisha watu saladi ya mboga mbichi, mara yenye mafuta, mara isiyo na mafuta kabisa. Kwenye saladi kavu, karotini iliyofika kwenye damu ilikuwa kama hakuna. Nikisikia mtu anasema anakunywa unga wa mlonge kwenye maji matupu "ili apate vitamini zote", najua anapata nusu ya hadithi. Mama wa Tanga anayepika mchicha kwa nazi, au kisamvu kwa nazi na karanga, hakuhitaji kusafiri hadi Iowa.

Si lazima chakula kiogelee mafuta. Kijiko kimoja cha mafuta, karanga chache, au kipande cha parachichi kinatosha.

Wapenzi wa habasoda nao wasikie: vilivyomo ndani yake vimo kwenye mafuta yake, na punje ina ganda gumu. Ukiimeza nzima bila kutafuna, nyingine zitatoka kama zilivyoingia. Iponde kwanza, au itafune kwelikweli.

3. Funika sufuria

Mchaichai, mrehani, mdalasini, karafuu: harufu yake ndiyo dawa yenyewe, yaani mafuta yanayoruka hewani kwa urahisi. Nyumba nzima ikinukia vizuri wakati unachemsha, ujue dawa wanaivuta majirani. Chemsha maji kwanza, zima moto, tia majani, funika dakika 10. Ukifunua, yale matone yaliyong'ang'ania chini ya mfuniko yarudishe sufuriani, usiyakung'ute sakafuni. (Kujifukiza ni habari nyingine. Huko mvuke ndio unaotafutwa.)

4. Mzizi na jani havipikwi sawa

Gome na mzizi ni vitu vigumu. Maji ya moto ya dakika tano hayaingii ndani. Vikatwe vipande vidogo, vitwangwe, kisha vichemke taratibu kwa nusu saa hivi. Kinu na mchi vinafanya kazi ambayo tumbo lako haliwezi: kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo maji yanavyofika sehemu nyingi zaidi. Jani laini na ua vinatosheka na kulowekwa tu.

Moto nao una madhara yake, na kisa kinachofahamika zaidi kinatoka China. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Tu Youyou na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria kwenye mimea ya tiba ya Kichina. Mmea mmoja, ambao sisi tunaujua kama artemisia, uliwapa majibu yanayoyumba: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Tu akarudi kwenye maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeelekeza mmea huo ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hakuna mahali palipotajwa kuuchemsha. Tu akashuku kwamba moto ndio uliokuwa ukiharibu kazi. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na matokeo yakabadilika. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo mtaalamu akikwambia dawa fulani "ilowekwe usiku kucha, isiguse moto", usiihamishie jikoni kwa sababu una haraka.

5. Malaria usiitibu kwa chai. Na dawa mseto imeze na maziwa

Maadamu tumeitaja artemisia: artemisinini, kiambato chake cha malaria, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kikombe cha chai yake kinatoa kiasi kidogo, tena kisichotabirika, kwa sababu mmea wa shamba hili si sawa na wa shamba lile. Vimelea vikipata dawa pungufu havifi vyote, na vinavyobaki ndivyo vinavyojifunza usugu. Shirika la Afya Duniani limeshaweka wazi kwamba haliungi mkono chai wala unga wa artemisia kutibu au kuzuia malaria. Nami sina la kuongeza hapo.

Ninalotaka ulibebe ni la dawa mseto yenyewe, ile ALu ya zahanati. Ndani yake kuna artemetha, iliyozaliwa na mmea huo, na lumefantrini, ambayo ni ya maabara. Lumefantrini ina ugomvi mkubwa na tumbo tupu: ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta, kinachofyonzwa kinaweza kuwa mara 16 ya kile cha tumbo tupu. Sasa fikiria mgonjwa wa malaria. Mdomo mchungu, chakula hakitazamiki, anameza vidonge kwa maji na kujilaza. Baadaye homa inarudi, lawama inakwenda kwa duka la dawa.

Na haihitajiki sherehe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba mililita 36 tu za maziwa ya soya, zenye mafuta gramu 1.2, zilitosha kuifikisha lumefantrini kwenye asilimia 90 ya kiwango cha juu inachoweza kufikia. Hizo ni vijiko viwili vya mezani na nusu hivi. Mgonjwa aliyeshindwa ugali hashindwi kikombe kidogo cha maziwa au uji uliotiwa karanga. Kila dozi, hadi ya mwisho.

6. Saumu iponde, kisha subiri

Punje ya saumu iliyo nzima haina ile dawa inayosifiwa. Ina malighafi na kimeng'enya vilivyotengwa, na vinakutana pale tu unapoiponda au kuikata. Hapo ndipo alisini inapotengenezwa, pamoja na ile harufu ya kufukuza wageni. Kimeng'enya hicho huuawa na moto wa sufuria na asidi ya tumbo. Ukimeza punje nzima kama kidonge, au ukiitupa kwenye mafuta ya moto mara tu baada ya kuikata, umekiua kabla hakijamaliza kazi. Iponde, iache kwenye sahani dakika 10 wakati unakata vitunguu na nyanya, kisha itumie.

7. Chai na kahawa zisubiri zamu yake

Wanaotafuta kuongeza damu kwa mlonge, mchicha au rosela mara nyingi wanajihujumu kwa kikombe kinachofuata. Madini ya chuma ya mimea ni mazito kufyonzwa kuliko ya nyama, na tanini za chai huyashika utumboni yakashindwa kupita. Katika jaribio moja la mwaka 1983, chai iliyonywewa na mlo ilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 64; kahawa kwa asilimia 39. Na kahawa iliyonywewa saa moja baada ya kula ilifanya uharibifu uleule wa iliyonywewa na mlo, ilhali iliyonywewa saa moja kabla haikuharibu kitu.

Basi mpenzi wa kahawa chungu, inywe kabla ya chakula, au subiri saa mbili baada yake. Mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asivisukume kwa chai ya maziwa, hata kama ndicho kitu pekee kinachomshuka asubuhi.

Kinachosaidia ni vitamini C kwenye mlo huohuo. Kamulia ndimu kwenye mboga ikishaepuliwa, au shushia kwa juisi ya ubuyu isiyochemshwa. Ukiichemsha ndimu pamoja na mboga, vitamini nyingi inapotea.

8. Magadi yakae mbali

Doa la manjano kwenye kanga ukilipaka sabuni ya mche linageuka jekundu kama damu. Dada wa kazi wengi wameshasingiziwa kuunguza nguo kwa sababu hiyo! Ukilikamulia ndimu linarudi njano. Uliloliona ni kurkumini ikilalamikia ukali wa sabuni. Magadi yana ukali wa namna hiyo hiyo, na kurkumini haidumu humo: kwenye kimiminika chenye ukali hafifu tu, karibu wa damu, sehemu kubwa huvunjika ndani ya nusu saa ikiwa haina mafuta ya kuikinga. Magadi huua pia vitamini C na baadhi ya vitamini B. Najua mlenda bila magadi kwa watu wa Dodoma ni matusi, na maharage bila magadi ni mkaa mwingi. Pikeni. Ila dawa isiingie kwenye chungu hicho.

9. Udongo unakunyang'anya

Hili halisemwi vya kutosha kliniki. Wanawake wengi, hasa wajawazito, wanakula udongo: ule uliookwa, unaouzwa sokoni umepangwa kwenye sinia pembeni ya karanga, ambao Kenya wengi wanauita odowa. Udongo wa mfinyanzi una sifa ya kushika vitu. Kaolini, ambayo ni udongo wa aina hiyo, imetumika miaka mingi kwenye dawa za kuhara kwa sababu ya kushika huko. Lakini hauchagui. Unashika madini ya chuma, unashika viambato vya mitishamba, na unaweza kushika hata kidonge.

Mtu mwenye upungufu wa damu huwa na hamu ya udongo, udongo unazuia chuma, damu inapungua zaidi, hamu inaongezeka. Kumkemea hakusaidii, apimwe damu, atibiwe, na hamu mara nyingi huondoka yenyewe. Mkaa wa dawa unaouzwa kwa ajili ya gesi tumboni una tabia hiyohiyo, kwani ndio huohuo unaotumika hospitali kushika sumu. Ukilazimika kuutumia, utenganishe na dawa nyingine kwa saa kadhaa.

10. Sanamaki haitaki msaada wako

Si kila dawa ya kumeza inataka kufika kwenye damu. Sanamaki ni mfano mzuri. Viambato vyake vinapita utumbo mwembamba bila kufyonzwa, vinafika utumbo mpana, na huko bakteria wetu wenyewe wanavivunja kuwa kitu kinachousukuma utumbo. Ndiyo maana unainywa usiku na choo kinakuja asubuhi, baada ya saa 6 hadi 12. Anayeinywa saa mbili usiku, akaona kimya, akaongeza kikombe cha pili saa nne, atajuta alfajiri.

Kuna na la pili. Utumbo ukikimbizwa hivyo, dawa nyingine uliyomeza siku hiyo inakimbizwa nayo kabla haijafyonzwa. Utomvu wa njano wa shubiri ni vilevile. Anayefanya "kusafisha tumbo" kila wiki huku anatumia dawa ya kila siku anaisafisha na dawa yenyewe, pamoja na madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji.

11. Kinachofungulia mitishamba hufungulia na dawa ya hospitali

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningekichapa kwa wino mwekundu. Vimeng'enya vya ini na utumbo havijui hii ni dawa ya mganga, hii ni ya daktari. Ukivizuia ili manjano ipite, vitaachia na vingine.

Pilipili manga ile ile ya kidokezo cha kwanza ilichunguzwa India, na piperini ikaonekana kupandisha kwenye damu viwango vya fenitoini ya kifafa, propranololi ya presha na moyo, na theofilini ya pumu. Wahindi hata wameigeuza kuwa faida: wana dawa ya kifua kikuu yenye miligramu 200 tu za rifampisini badala ya 450, kwa sababu ndani yake kuna miligramu 10 za piperini. Hesabu hiyo imefanywa maabara na kupimwa kwa wagonjwa. Wewe ukiifanya kwa kijiko nyumbani, hujui umeishia wapi. Viungo vya chakula vya kawaida havina tatizo kwa wengi. Tatizo ni vidonge vya piperini na vile vikombe vya "dozi kali" vya kila siku.

Balungi lilijulikana kwa bahati. Mwaka 1989 mtafiti David Bailey wa London, ile ya Ontario nchini Kanada, alikuwa anapima dawa ya presha pamoja na pombe, na juisi ya balungi aliitumia kuficha ladha ya pombe tu. Kiwango cha dawa kwenye damu kikaruka. Juisi ilikuwa imekizima kimeng'enya cha utumbo, na kimeng'enya hicho huchukua siku nzima au zaidi kurudi, kwa hiyo kunywa juisi asubuhi na kidonge jioni hakukuokoi. Ukwaju nao umo: mwaka 1996 watafiti wa Nigeria walieleza kwamba chakula chenye ukwaju kiliongeza aspirini inayofika kwenye damu.

Mambo huweza pia kwenda kinyume. Vidonge vya saumu vilipopimwa Marekani pamoja na saquinavir, moja ya dawa za zamani za VVU, vilipunguza dawa hiyo kwenye damu kwa karibu nusu. Dolutegravir, inayotumiwa na wengi leo, hushikwa na chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia. Imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake, isipokuwa chuma au kalsiamu vikimezwa nayo pamoja na chakula. Unga wowote unaonadiwa kuwa "umejaa madini" uhesabu humo.

Kama unatumia dawa ya VVU, kifafa, kifua kikuu, presha, kisukari, kuyeyusha damu au uzazi wa mpango, peleka jina la mti kwa mfamasia kabla ya kikombe cha kwanza. Jina la mti, si jina la chupa. Kwenye chupa nyingine imeandikwa "mchanganyiko wa miti 12" na basi. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002 na baraza linalosajili waganga na dawa zao, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili si ufidhuli.

12. Tahadhari na vidonge vilivyoongezewa nguvu

Viwanda navyo vimesoma utafiti wa 1998. Siku hizi kuna manjano iliyofungwa ndani ya mafuta ya soya, iliyosagwa hadi chembe zisizoonekana, iliyotiwa piperini, na kila kopo linajisifu kwa kufyonzwa mara nyingi kuliko la jirani. Baadhi kweli hufyonzwa. Ndipo pakazuka jambo ambalo mchuzi haukuwahi kulileta: mwaka 2019 Italia ilikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 20 walioumwa ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano, na baadaye Marekani nayo ikaripoti wagonjwa kama hao. Manjano ileile tunayoila bila wasiwasi, ikisukumwa kwa wingi kwenye damu, kwa watu wachache ini linaikataa.

Ukiona macho yanageuka njano, mkojo unakuwa kama kahawa, au mwili unawasha bila upele, acha kopo hilo siku hiyohiyo na uende hospitali nalo mkononi.

13. Mambo madogo madogo

Tangawizi inalisaidia tumbo kumwaga mzigo wake haraka kuelekea utumbo mwembamba, kwa hiyo ni mwenzi mzuri wa dawa nyingine kwa mtu anayevimbiwa. Bamia na mlenda hupunguza kasi ya ufyonzaji, hivyo usivile saa moja na dawa unayotaka ifanye kazi upesi. Meza kidonge ukiwa umekaa, na glasi nzima ya maji. Asali si ya mtoto chini ya mwaka mmoja, hata ukiambiwa ni ya kulainisha dawa. Inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi. Mtoto na mjamzito hawahesabiwi kipimo kwa kugawanya cha mtu mzima.

14. Kabla ya operesheni, itoe mapema

Dawa iliyofyonzwa vizuri haitoki siku unayoamua. Saumu na tangawizi kwa vipimo vya dawa, pamoja na vidonge vya manjano, vinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda. Wataalamu wa usingizi wa Marekani hushauri mitishamba isimamishwe wiki mbili kabla ya upasuaji. Saumu ya kwenye mchuzi haimo kwenye katazo hilo. Fomu ya hospitali mara nyingi ina mstari wa "dawa unazotumia", na wengi huandika "hakuna" kwa sababu walichokunywa kilitoka shambani kwa shangazi. Andika na hicho, na kama fomu haina mstari huo, mwambie mtaalamu wa usingizi kwa mdomo.